Sauti ya Pili ya Bwana Harusi

Nyumbani naitwa Redio. Mama ndiye aliyenibandika hilo jina nikiwa msichana wa darasa la pili, siku niliyomwambia mgeni mlangoni, kwa adabu zote, "Shikamoo, Mama yuko chumbani lakini amesema tuseme hayupo." Nimekua, nimekwenda chuo, nimesomea utangazaji na kazi za sauti miaka mitatu, na bado habari ikiniingia tumboni haikai. Inanikwaruza mpaka niiteme.

Basi hii niliyonayo ndiyo kubwa kuliko zote, na naomba mniache niiseme mpaka mwisho. Mjomba wangu, mdogo wake Mama, alikuwa na mpenzi wake miaka kumi na moja. Mpenzi huyo ni mwanaume. Na mwanaume huyo ndiye mwimbaji anayejulikana kuliko wote mjini kwetu. Miaka yote hiyo nje ya kazi yao hakuna aliyejua, si Mama, si majirani, si watu wa magazeti ambao kazi yao ni kuchungulia. Mpaka Jumamosi moja saa tano asubuhi, mimi nilipowatangaza. Kwa furaha. Na alama tatu za mshangao.

Nianze na studio. Iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na ngazi zake zinanuka oili mpaka juu. Chumba cha mashine kina meza moja, kompyuta mbili, spika mbili kubwa na kochi lililokufa springi. Chumba cha kuimbia kipo nyuma ya kioo, ukubwa wake kama choo cha shule, kuta zote zimepigiliwa magodoro. Kiyoyozi kipo, ila kinanguruma, kwa hiyo mtu akianza kuimba kinazimwa, na anayeimba anatoka humo amelowa kama katoka kufua. Hapo ndipo Mjomba alipofanya kazi, na hapo ndipo aliponiingiza nilipomaliza chuo. Watu wote walimwita Fundi. Mwembamba, mpole, anaongea kama vile maneno anaazima kwa jirani na jioni atatakiwa ayarudishe.

Mwimbaji wake tulimwita Bwana Harusi. Si jina alilojichagulia. Ni kwamba hakuna harusi iliyoweza kuanza bila wimbo wake. Maharusi wanaingia ukumbini, wimbo wake unawekwa, shangazi wanalia. Yeye mwenyewe hajaoa. Mashabiki walikuwa wakimpigia kelele jukwaani, "Bwana Harusi, bibi harusi yuko wapi?" Naye anacheka, "Nawaoza nyinyi kwanza, mimi nitafunga mlango!" Watu hoi.

Kazi ya Mjomba ilikuwa na sheria mbili, na alinipa zote siku ya kwanza. Ya kwanza, pumzi hazikatwi. Studio nyingine wanaondoa pumzi za mwimbaji kati ya mstari na mstari, wimbo unatoka laini kama sahani. Mjomba alikataa. "Asiyepumua amekufa," aliniambia, "na mimi sirekodi maiti." Ya pili, usizime kurekodi mpaka mwimbaji avue hedifoni na kutoka. "Kitu kizuri mara nyingi kinakuja wimbo ukishaisha. Mtu anacheka, anaguna, anaongea peke yake. Hicho ndicho tunakitafuta."

Jamani, mimi niliona kila kitu na sikuona kitu. Niliona ndala za mguu mkubwa chini ya meza ya Mjomba mwenye mguu mdogo. Niliona Bwana Harusi ana ufunguo wake wa studio. Nilimwona Mjomba, miwani puani, anamshonea kifungo cha shati saa moja kabla ya shoo, na Bwana Harusi amesimama kimya kama mtoto anayenyolewa. Nikasema moyoni, angalia wanaume wanavyosaidiana kazini. Na cheti ninacho!

Lakini naomba mjue walikuwa wakiogopa nini. Miaka miwili kabla sijaingia studio kulikuwa na mcheza shoo mmoja, kijana wa kucheza nyuma ya waimbaji, hodari mpaka basi. Picha yake na mwenzake ikatoka kwenye simu ya mtu. Walimsubiri nje ya ukumbi, mlango wa nyuma, wakampiga na vyuma vya kushikilia taa. Waliompiga wengine ni wenzake wa jukwaani. Mjomba ndiye aliyemkuta na kumpeleka hospitali, na huko wakamwuliza, "Wewe ni nani wake?" akajibu, "Mpita njia." Kijana alipona mguu mmoja. Kwenye vyumba vya kubadilishia nguo mpaka leo anasimuliwa kama kichekesho.

Sasa njooni kwenye kosa langu.

Kampuni moja ya soda ilidhamini shindano. Wimbo mpya wa Bwana Harusi, ule wa "Nimefika, sina safari nyingine," uwekwe mtandaoni ukiwa umefumuliwa: ngoma faili lake, gitaa faili lake, kinanda lake, sauti lake. Watu washushe, watengeneze wimbo upya wanavyotaka, mshindi apewe zawadi. Mjomba alikuwa amekwenda mji mwingine siku tatu kufunga spika za mkutano. Meneja wetu, mama mmoja mwenye sauti ya kuamrisha hata akisalimia, sisi tunamwita Madam, akaniambia, "Redio, wewe umesoma. Fanya."

Nikakaa Ijumaa mchana, nikafungua wimbo. Ngoma, sawa. Gitaa, sawa. Kinanda, sauti. Halafu chini kabisa kulikuwa na mstari wa tano, umeandikwa "usiguse", na sauti yake imeshushwa karibu na sifuri.

Mimi na neno usiguse tunajuana vizuri. Nikagusa.

Nikazima vingine vyote, nikapandisha huo peke yake, na aliyekuwa anaimba alikuwa Mjomba.

Wee! Niliruka kwenye kiti. Mjomba anaimba! Sauti nzito, tulivu, kama mtu anayekuongoza gizani amekushika kiwiko. Anaimba maneno yale yale ya Bwana Harusi, chini yake, pamoja naye. Nikafungua wimbo wa mwaka jana: usiguse ipo. Wa mwaka juzi: ipo. Nikaenda mpaka wa kwanza kabisa. Nyimbo thelathini na moja, na chini ya kila moja yumo Mjomba, ameshushwa chini kiasi kwamba humsikii. Unachosikia ni kwamba wimbo una joto. Ukimtoa, unabaki kama chai ya tangu asubuhi.

Nililia, sikatai. Kwa sababu mjue, kwetu Mjomba ndiye wa kuhurumiwa. Kila tukikutana Mama anaanza: "Mdogo wangu atazeeka na nyaya. Hana mke, hana mtoto, hana jina." Na kumbe mji mzima umeoana kwa sauti yake! Nikajisemea, leo Mama atanyamaza. Nikalitoa faili la tano pamoja na yale manne, nikaliandika kwa mkono wangu: Sauti ya pili – Fundi.

Faili lilikuwa la dakika saba. Wimbo ni wa dakika nne. Nilitazama kile kimstari kinachochorwa kwenye skrini: dakika nne kinapanda na kushuka, halafu tatu kimelala. Nikasema ni kimya, Mjomba na sheria yake ya kutozima. Chuo walitufundisha, usitume faili hujalisikiliza lote. Somo hilo nilifaulu vizuri sana.

Jumamosi saa tano nikapandisha yote mtandaoni. Na kwenye ukurasa wangu nikaandika: "Mnajua nani anaimba chini ya Bwana Harusi miaka yote hii? Ni mjomba wangu!!! Sikilizeni wenyewe!"

Wakasikiliza.

Mtu mmoja, wala simjui, kijana wa kutengeneza biti chumbani kwake, alilishusha faili la tano akapandisha sauti mwisho kabisa. Mstari uliolala haukuwa kimya. Zilikuwa sauti za watu wawili wanaoongea mbali kidogo na maiki. Saa saba na nusu klipu ilikuwa kwenye kila simu. Mimi nililetewa na rafiki yangu wa chuo, bila neno, klipu tu.

"Umemaliza?" Huyo Bwana Harusi, mlango unafunguliwa.

"Usiwashe kiyoyozi, bado inarekodi." Huyo Mjomba.

"Wacha irekodi. Nani anasikiliza?"

Kicheko. Kiti kinasogezwa.

"Shati lako limelowa lote. Njoo." Mjomba tena.

"Siku moja nitakusimamisha mbele ya watu uimbe na mimi."

"Siku hiyo tuwe tumeshafunga mabegi."

"Nakupenda, bwana."

"Najua. Umeniambia mara kumi na tatu leo, kila ukikosea mstari wa tatu."

"Sikukosea. Nilitaka kurudia."

Halafu sekunde nane ambazo hata mtoto angejua si za kimya.

Nilikuwa nimesimama jikoni kwetu na kikombe mkononi. Sikukiangusha, kama wanavyoangusha kwenye filamu. Nilikiweka polepole sana kwenye sinki, kama vile nikifanya kelele ndipo itakuwa kweli. Na nilichokiwaza kwanza, Mungu anisamehe, si kwamba Mjomba ana mwanaume. Niliwaza: angeweza kuzikata hizo dakika tatu. Fundi kama yule, kubonyeza mara moja tu. Hakuzikata. Alikuwa anazitunza.

Maoni sitayarudia. Moja tu, lile lililocheza kuliko yote: "Kumbe bibi harusi ni fundi!" Na vikatuni vya kucheka vimefuatana kama siafu.

Nikampigia Mjomba. Alipokea kabla haijaita.

"Redio. Faili lina dakika ngapi?"

"Saba, Mjomba."

"Ulisikiliza ngapi?"

"Nne."

Nilisikia nyuma yake watu wanagongagonga vyuma, wanafunga spika, mmoja anacheka kwa nguvu. Sijui kama alikuwa anamcheka yeye.

"Haya," akasema. "Nenda studio. Yupo mle. Mwambie asitoke, na asipokee simu ya mtu."

"Nani, Mjomba?"

"Wewe mama, unajua ni nani."

Nilipofika, chini pale dukani kwa vipuri walishakusanyika watu kama arobaini, wengine wananunua plagi wasizozihitaji ili wapate sababu ya kusimama. Madam alikuwa ameshapanda. Bwana Harusi alikaa kwenye kochi bovu, kofia mpaka machoni, mikono katikati ya magoti. Mtu mrefu yule, aliyekuwa akiujaza ukumbi kwa kunyanyua kidevu tu, sasa hata kochi halikumbonyea.

"Nani kakwambia uweke faili la tano?" Madam aliniuliza.

"Hakuna, Madam. Nilitaka watu wajue Mjomba anaimba."

"Mimi najua hao wawili tangu mwaka wao wa pili," akasema taratibu. "Mpiga gitaa anajua. Dereva anajua. Wenye kumbi nusu yao wanajua. Hatukuwahi kulitamka hata tukiwa peke yetu. Umekuja wewe na elimu yako."

Sikuwa na la kusema. Mimi!

Madam alikuwa na karatasi. Saa kumi na mbili jioni kuna kipindi cha redio ambacho mji mzima unasikiliza, na walikubali kurusha taarifa ikiwafikia kabla. Taarifa yenyewe alishaiandika. Kwamba ile sauti si ya Bwana Harusi. Kwamba imetengenezwa kwa kompyuta na fundi mitambo aliyekuwa anakaribia kufukuzwa, mtu mwenye tabia ambazo Bwana Harusi hakuzijua. Kwamba huyo mtu yeye hamjui nje ya kazi.

"Siwezi kusema hivyo," Bwana Harusi alisema chini ya kofia.

"Basi chungulia dirishani uwaambie wale unachoweza."

"Wakimkamata yeye?"

"Wakimkamata yeye ni mmoja. Wakikukamata wewe mmekwisha wawili, na sisi nyuma yenu."

Alikataa. Alikataa kwa nusu saa nzima, bila kupaza sauti, anatikisa kichwa tu. Ikabidi Madam ampigie Mjomba, akaiweka simu mezani kila mtu asikie.

"Fundi, mweleze mwenzako."

Mjomba, kwa sauti ile ile ya kazini: "Sema."

"Siwezi."

"Utaweza. Umewahi kukosea mstari ukaushindwa kabisa? Unarudia mpaka unatoka. Rudia."

"Na wewe utakwenda wapi?"

"Redio yupo hapo?"

"Nipo, Mjomba," nikasema, na sauti yangu ilitoka kama ya paka.

"Kaa kwenye mashine. Usimwachie mtu mwingine. Wewe ndiye unayejua anavyopumua." Halafu akakata. Hakuaga. Nadhani angeaga asingekata.

Bwana Harusi akaingia nyuma ya kioo. Nikazima kiyoyozi. Mara ya kwanza alisoma vizuri mpaka kwenye "simjui", sauti ikavunjika. Mara ya pili, hapo hapo. Mara ya tatu alisoma yote, ila ungeisikia ungejua mtu amesimamiwa. Tukarudia mara kumi, kumi na moja. Saa kumi na moja kasoro, Madam akaniinamia sikioni.

"Unganisha vipande. Chukua kila neno popote lilipotoka vizuri."

Nikaunganisha. "Mimi" nikaitoa mara ya pili, "huyo mtu" mara ya saba, "simjui" nikaikuta mara ya tisa, ndogo, kavu, safi. Nikaishona taarifa kama Mjomba alivyoshona kile kifungo. Tukaisikiliza.

"Toa hizo pumzi," Madam akasema. "Anasikika kama analia."

"Analia, Madam."

"Ndiyo maana nakwambia uzitoe."

Nikazitoa. Moja moja. Zilikuwa kumi na tisa.

Sasa kuna jambo moja ambalo siku ile tuliliona mimi na Madam peke yetu. Baada ya kusoma mara ya mwisho, Bwana Harusi hakuvua hedifoni. Mimi, kwa mazoea, sikuzima. Alisogea kwenye maiki, akafumba macho, akaimba mstari wa tatu, "Nimefika, sina safari nyingine." Ila hakuimba kwa sauti yake. Aliimba ile ya chini, nzito, njia ya Mjomba yote na mapinda yake ya sauti, kama mtu anayevaa shati la mwenzake aone lingemkaaje. Mara moja tu. Halafu akavua.

"Futa hiyo," Madam akasema nyuma yangu.

Nikageuka kumtazama.

"Mtoto wewe, futa nikiona."

Nikafuta akiona.

Saa kumi na mbili wakairusha. Na ilifanya kazi! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba niliifanya vizuri. Watu walisema, sikiliza sauti ilivyotulia, huyo hana hatia. Wale wa chini dukani wakaondoka kwa pamoja kwenda alikopanga Mjomba. Hawakumkuta. Walivunja mlango, wakatoa spika zake, vitabu vyake, godoro, wakavichoma barabarani, na mwenye nyumba akaomba tu wasiguse ukuta. Moto wenyewe niliuona kwenye simu. Katikati yake kulikuwa na ndala kubwa.

Nyumbani Mama aliishusha picha ya Mjomba ukutani, ile waliyopiga yeye ana miaka kumi na mdogo wake ana mitatu, amembeba mgongoni. Hakuichana. Aliigeuza, akaiweka chini ya magodoro ya wageni.

"Mama, ni mdogo wako."

"Sina mdogo." Alikuwa anafuta meza iliyokwisha kuwa safi. "Nilimbeba, nilimlisha, nilimfundisha kuandika. Kama ana jambo angeniambia mimi."

"Ungefanyaje?"

Akaacha kufuta. Alifikiria kweli, nilimwona. Halafu akasema, "Ningemwambia asimwambie Redio," akaingia chumbani, na tangu siku ile haniiti tena hilo jina. Ananiita "wewe".

Mwezi uliofuata Madam alinipa kazi ya siku tatu: fungua nyimbo zote thelathini na moja, toa mstari wa usiguse, zirushwe upya. Nikatoa. Sasa nenda harusi yoyote, wimbo unapigwa, watu wanacheza, shangazi wanalia kama kawaida. Hakuna aliyegundua. Mimi peke yangu ndiye nakaa pale na sahani mapajani nasikia baridi. Kampuni ya soda ilirudi. Bwana Harusi ametafutiwa mchumba, dada mmoja mtaratibu wa ofisini kwa Madam, na wamepigwa picha. Na mimi nimepewa kiti cha Mjomba. Juzi mpiga gitaa kaingia, kaniambia, "Fundi, niongezee sauti kidogo." Nikageuka kuangalia nani anaitwa.

Mjomba alipiga simu mara moja. Jumanne, saa sita mchana, namba ngeni. Nilijua kabla hajasema, kwa alivyovuta pumzi.

"Ile taarifa," alisema. "Nani alikata pumzi?"

"Mimi, Mjomba. Nisamehe."

"Umekata vizuri. Mahali pawili tu nimesikia kisu. Kabla ya kukata, ilikuwaje?"

Nikamweleza yote, haraka haraka, kama kawaida yangu. Kuvunjika kwa sauti. Mara kumi na moja. Na mwisho nikamwambia alivyoimba njia yake.

"Mstari gani?"

"Wa tatu."

"Alikosea?"

"Hakukosea, Mjomba. Mapinda yote."

Nilisikia gari kubwa linapita alipo, na kuku.

"Unayo?"

Hapo, jamani, ningetoa kidole changu kimoja niweze kusema ndiyo. "Nilifuta. Madam alikuwa amesimama."

"Haya," akasema. "Haya, mama. Ni sawa."

"Mjomba, uko wapi?"

"Nikikwambia utasema," akanijibu, wala hakuwa na hasira, karibu acheke. Ikakatika. Namba hiyo nimeipiga kila siku kwa mwezi mzima. Mara ya kwanza iliita ikapokewa na mwanamke mmoja akasema simu hiyo aliuziwa sokoni. Baadaye haipatikani kabisa. Ndiyo maana naweza kuwatajia kwamba alipiga.

Jana Bwana Harusi alikuja kurekodi. Wimbo mpya wa harusi, wa kampuni. Amekonda, shati lina kifungo kimoja kimetoka na kingine cha rangi nyingine. Hatujawahi kuongea tangu siku ile zaidi ya "panda" na "shuka". Madam alikuwa kwenye kochi, halafu simu yake ikaita akatoka nje kwenye ngazi. Nilikuwa na dakika moja, labda mbili. Nikabonyeza kitufe cha kuongea na hedifoni zake, ambacho yeye tu ndiye anasikia.

"Alipiga," nikasema. "Mwezi uliopita. Yuko hai. Aliuliza kama ulikosea mstari wa tatu."

Nyuma ya kioo hakugeuka. Alishika maiki kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika nguzo.

Madam akarudi, akakaa. "Tunaanza?"

Nikaanza kurekodi. Aliimba mstari wa kwanza vizuri, wa pili vizuri. Wa tatu akakosea.

"Samahani, Fundi. Nirudie."

Nikamrudisha. Wa kwanza, wa pili, wa tatu akakosea tena, mahali pale pale.

"Nirudie."

Madam akaacha kuchezea simu. "Ana nini leo huyu?"

"Joto, Madam. Nimezima kiyoyozi."

Alikosea tena. Na tena. Kila mara anaomba radhi kwa adabu, kila mara namrudisha mwanzo. Wimbo ulikuwa mwingine, maneno mengine, mstari wenyewe hata haufanani. Lakini mimi nilikuwa nahesabu, na sikuhitaji mtu wa kuniambia ataishia wapi; ile klipu naijua kwa moyo. Ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu. Mara ya kumi na nne aliuimba wote, moja kwa moja, bila doa.

Halafu akabaki amesimama, hedifoni masikioni, mdomo karibu na maiki, anavuta pumzi ya kusema kitu.

Safari hii nikazima kurekodi.